Maji ya Ngarambe Katika Kambi ya Mkonge

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda kaskazini, akiisha kuuvuka mto Wami na kuziacha nyuma Mkata na Kabuku, hufika Segera, mahali ambapo barabara hugawanyika mara mbili, moja ikashika mashariki kwenda Hale, Muheza na Tanga, na ya pili ikaendelea Korogwe na Mombo hata Moshi na Arusha. Na kwa kuwa mabasi husimama hapo kwa muda wa kununua machungwa na kunyoosha miguu tu, wengi waliopita Segera mara mia hawaijui Segera, ila waijua njia panda yake. Sisi tuliokulia pembezoni mwa njia panda hiyo, katika nchi ya Wazigua, twajua kuwa nyuma ya wauza machungwa ziko kambi za mkonge, na kwamba katika kambi hizo, tangu zama za Wadachi na zaidi katika zama za Waingereza, waliletwa watu kutoka kila upande wa Tanganyika, Waha, Wabena, Wamakonde, na hasa Wangoni wa Songea, walioandikishwa kwa namba wakaitwa manamba, wakapewa kipande cha kujazwa siku thelathini za kazi, na wengi wao wasirudi tena makwao hata mauti yalipowakuta.

Kwa njia hiyo vita vya Maji Maji, ambavyo moto wake uliwaka mbali nasi, upande wa kusini, viliingia Uzigua kwa mlango wa nyuma, vikiwa vimechukuliwa vifuani mwa watu waliokuja kukata mkonge. Jirani yetu mmoja alikuwa mzee wa Kingoni, mkongwe aliyekwisha kuacha kazi ya korona, mashine ya kuchakata mkonge, kwa ajili ya kikohozi, ambaye sisi watoto tulimwita Babu ingawa hatukuwa na nasaba naye. Na siku moja, nikiwa mwanafunzi wa darasa la sita, mwalimu alitusomesha habari za Kinjeketile na maji yake, na jinsi watu walivyoambiwa kuwa risasi za Mdachi zitageuka maji, nasi tukacheka darasani, na jioni tukauleta mchezo ule uani, mmoja wetu akinyunyiza maji kwa jani la mgomba, mwingine akipiga bunduki ya bua la muhindi, na aliyepigwa akianguka na kufufuka akilia kuwa maji yamechacha. Babu alikuwa ameketi barazani akitutazama. Akaniita.

“Mjukuu wangu, wacheka nini?”

“Twawacheka watu wa zamani, Babu, waliodhani risasi itakuwa maji.”

Hakunijibu neno. Alikiinua kigoda chake, akaingia ndani, akaufunga mlango ilhali jua lilikuwa halijatua. Ilinichukua miaka kujua kuwa babaye alikuwa miongoni mwa watu hao wa zamani.

Kicheko kile kimenishughulisha umri wangu wote, na kila nikikifikiri naona kuwa kosa lake lilizidi utovu wa adabu. Mtu akisha kucheka haulizi tena. Amekwisha kukata hukumu, faili limefungwa, na wale waliokufa wamebaki wapumbavu kama tulivyowakuta. Maulamaa wa tarikhi husema kuwa kazi yao ni kutafuta sababu za mambo. Lakini inapofika kadhia ya watu walioamini jambo na kwa ajili ya imani yao wakaangamia, aghlabu sababu huachwa, na mahali pake huwekwa neno moja la dharau, ushirikina, ujinga, wazimu, kana kwamba neno hilo limeeleza kitu. Kadhi mwenye insafu hamhukumu mtu asiyehudhuria bila kumwekea wakili. Nasi twawahukumu makumi ya maelfu ya wafu bila hata kuwauliza walikuwa wakitafuta nini.

Nianze na maji yenyewe. Mimi niliyecheka nilikuwa nimefungwa hirizi mkononi. Nyumba yetu ilikuwa imezindikwa pande zote nne kwa fingo alizozika mganga kutoka Handeni, wilaya ambayo waganga wake wasifika Tanganyika nzima, na shamba letu la mahindi liliwekewa kago ili mwizi akiingia asiione njia ya kutokea. Nilipougua homa, mwalimu wa chuoni aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, nikapewa kombe nikalinywa, na nilipopona hapakuwa na aliyeniambia kuwa nilikunywa wino tu. Jamaa zetu Wakristo wa upande wa Magila na Korogwe walitiwa maji kichwani wakatoka na jina jipya na maisha mapya. Katika nchi ambayo maji huchukua neno la Mungu hadi tumboni mwa mgonjwa, na maji humtoa mtu katika umauti wa dhambi, ni kitu gani kilichotustaajabisha sisi katika maji ya Kinjeketile kule Ngarambe, hata tukacheka? Sidhani kama tulicheka kwa kuwa waliamini maji. Tulicheka kwa kuwa walishindwa. Laiti wangalishinda, tungaliyaita maji yale muujiza, na Ngarambe ingekuwa ziara.

Tena Uzigua ilikuwa na sababu yake ya kuwaelewa watu wa kusini, kama ingalikumbuka. Miaka 17 kabla ya maji, mwaka 1888, Mrima uliinuka dhidi ya kampuni ya Wadachi, Abushiri bin Salim akiongoza Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri bin Juma akiongoza Sadani pamoja na Wazigua wake. Watu hawa walikuwa na bunduki, na baruti, na maboma ya miti, na akili za vita. Wissmann, jemadari wa Wadachi, alikuja na mizinga na askari wa kukodiwa, Wanubi na Wazulu, akawapiga mmoja mmoja: Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri, akiwa amechoka na watu wake wakiwa na njaa, akasalimu amri Aprili 1890. Hapakuwa na maji ya dawa yaliyowadanganya hawa. Walipigana kwa hesabu za kawaida za kidunia, na hesabu hizo zikawashinda vilevile. Kisha zikafuata nakama nyingine, sotoka ya ng'ombe, nzige, na njaa kubwa za miaka ya 1890, zilizoikausha Uzigua hata watu wakahama vijiji na nyika ikarudi kuwa pori la mbung'o; mambo ambayo mwanatarikhi James Giblin ameyatungia kitabu kizima, na yule yule baadaye akashirikiana na Jamie Monson kuhariri kitabu juu ya Maji Maji, nami sioni ajabu kuwa aliyeisoma Uzigua alifika Umatumbi, kulikoanzia vita hivyo, kwa kuwa njia ni moja.

Basi mtu wa kusini, mwaka 1904, alipouangalia ulimwengu wake, aliona nini? Aliona kodi ya nyumba, rupia tatu kwa mwaka, iliyoanza kudaiwa tangu 1898 kwa watu ambao wengi wao rupia hawakuwa nazo. Aliona akida, mara nyingi mgeni kutoka pwani, aliyepewa kiboko na mamlaka ya kukitumia, na hamsa ishirini ikawa ndiyo salamu ya serikali. Aliona, tangu 1902, mashamba ya pamba ambayo Gavana von Götzen aliamuru yalimwe na wanakijiji wote chini ya jumbe, kazi ya siku nyingi katika majira yale yale ambapo shamba la mtu mwenyewe lataka palizi, na malipo yake yakiwa haba hata wengine walikataa kuyapokea. Aliona pia kuwa wanaume wamechukuliwa, nyavu na mitego ya kuwindia imepigwa marufuku au imeachwa, na nguruwe mwitu wanaingia mashambani usiku bila wa kuwazuia. Na hili la nguruwe, ambalo mwanatarikhi Thaddeus Sunseri amelitia mkazo sana, huwafanya wasomi wa vita waone haya kidogo, maana ni jambo dogo mno kando ya mizinga, lakini mwanamke aliyeamka alfajiri akakuta muhogo wake umefukuliwa wote hakuliona kuwa dogo.

Fauka ya hayo, watu hao hawakuwa na sultani mmoja wa kuwaita vitani. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wazaramo wa kusini, kila kaumu na kila bonde lilijitawala, na waliokuwa na wakuu wenye nguvu walikwisha kuona wakuu hao wakipigwa kwa zamu. Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa lile lile lililowashinda akina Bwana Heri: wasiokuwa na mfalme wataungana kwa nini? Walichokuwa nacho kwa pamoja kilikuwa ziara. Bokero wa Rufiji, na Kolelo wa milima ya Uluguru, walijulikana mbali kupita mipaka ya kabila, na tangu zamani watu walikwenda kwao kuomba mvua, na dawa ya kuotesha mbegu, na kinga ya shamba. Dawa ilikuwa ya kilimo kabla haijawa ya vita, jambo ambalo mchekaji halijui, na ambalo huyageuza mambo yote: waliokwenda Ngarambe mwanzoni hawakwenda kutafuta namna ya kuua, walikwenda kutafuta namna ya kula.

Kinjeketile Ngwale alikaa Ngarambe. Katika mwaka 1904 alipandwa na pepo Hongo, na riwaya zilizohifadhiwa na wazee zasema kuwa aliingia katika ziwa la mto akazama, jamaa zake wakamngojea wakidhani amekufa, naye akatoka kesho yake na nguo zake kavu, akaanza kunena. Mtafiti akifika hapa ndipo hujulikana ni wa namna gani. Yuko atakayetaka kwanza kuamua kama mtu aweza kulala chini ya maji, na akisha kuamua kuwa hawezi, ataona amemaliza. Yuko pia atakayeinamisha kichwa na kuandika kila neno kama wahyi. Kwangu mimi, swali lenye faida ni la tatu, nalo ni kwamba mamia kisha maelfu ya watu waliiacha kazi yao wakatembea siku nyingi kwenda kumwona mtu huyu, na kwamba habari zake zilipita kwa siri kutoka sikio hadi sikio, katika mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita njwiywila, kwa miezi mingi, chini ya pua ya akida, bila serikali kuelewa kinachopita. Kutembea huko ni jambo lililotokea. Mnong'ono huo ni jambo lililotokea. Maji yaliyotiwa mtama na mbarika, yaliyonywewa, yaliyonyunyizwa kifuani, yaliyofungwa katika vibuyu vidogo shingoni, pamoja na miiko yake ya kutopora na kutolala na mwanamke wakati wa vita, yaliwafanya Wamatumbi na Wangindo waitane ndugu. Na huo ni muujiza wa kutosha kwa mwanatarikhi, hata akiacha ule wa nguo kavu.

Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 kwa tendo ambalo laonekana dogo pia. Huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa mashina ya pamba katika shamba la serikali, na masimulizi yawataja Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela kuwa ndio waliotangulia kung'oa. Kinjeketile alikamatwa, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa na umri wa siku chache tu, na yasimuliwa kuwa aliwaambia waliomnyonga kwamba kumwua hakufai kitu, kwa kuwa dawa imekwisha kufika mbali. Kama alisema au hakusema, ndivyo ilivyokuwa. Wabebaji wa dawa, ambao nao waliitwa hongo, walikwisha kupita mito. Katikati ya Agosti Askofu Cassian Spiss na wamisionari wenzake, wanaume kwa wanawake, waliuawa njiani katika nchi ya Liwale. Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliikabili boma ya Mahenge mchana kweupe, wakaenda moja kwa moja mbele ya bunduki za mtombo.

Hapa msomaji hutaka kuliinamia jambo moja, nalo ni lile tembezi la kwenda mbele ya mtombo, na kuuliza walikuwa na akili gani. Namwomba asubiri, atazame baada ya Mahenge. Baada ya siku ile hapakuwa na mtu huko Mahenge aliyeweza kudai kuwa risasi hugeuka maji. Maiti zilikuwa wazi. Wengine walisema miiko imevunjwa, wengine walivitupa vibuyu. Walakini vita havikusimama. Wangoni, walioletewa maji na hongo aliyeitwa Kinjala, walipigwa Oktoba, wakaingia porini na kuendelea. Abdalla Mapanda, mmoja wa viongozi wa vita, alipigana hata alipouawa mwanzoni mwa 1907. Yaani watu hawa walipigana miezi michache tu wakiwa na maji, na mwaka mmoja na zaidi bila maji. Atakaye kueleza vita vyote kwa maji hana la kusema juu ya huo mwaka na zaidi, na mimi kwa upande wangu naona kuwa maji yaliwapa kitu walichokihitaji mwanzoni tu, ujasiri wa kuanza pamoja, kila mmoja akijua kuwa jirani yake naye amekunywa. Na kilichobaki walikuwa nacho wenyewe.

Jinsi vita vilivyomalizwa nitapita haraka, kwa kuwa kisa chake chajulikana na hakina fumbo. Wadachi walichoma vijiji, wakachoma ghala na mashamba, wakateka mbegu, njaa ikafanya kazi ambayo risasi haikuifikia. Kwa hesabu yao walikufa Wazungu 15, askari 73, na wasaidizi wao 316. Upande wa pili hesabu ya serikali yenyewe ilianza na 26,000, ikapanda hata 75,000, na Gilbert Gwassa, aliyewauliza wenyeji, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, wakuu wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa na kuzikwa katika kaburi moja, miongoni mwao Nduna Mkomanile, mwanamke. Na Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye.

Gwassa huyu nataka nimtaje kwa kirefu zaidi, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha, ingawa sikuwahi kumwona. Mpaka miaka ya 1960 vita hivi vilikuwa na mashahidi wa upande mmoja. Von Götzen alikwisha kuandika kitabu chake mwaka 1909, ambamo waganga ndio wenye taksiri, na serikali yake kidogo tu. Upande wa Waswahili wa pwani, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya vita vile, uliochapishwa mwaka 1957, naye aliyatazama mambo kwa jicho la mtu wa mjini. Ndipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikiwa bado kichanga, kilipowatuma wanafunzi wake mwaka 1968 waende makwao, wakakae na wazee waliokuwa vijana au watoto mwaka 1905, wawaulize kwa lugha zao na kuandika majibu. Na katika mwaka huo huo Gwassa na John Iliffe wakatoa kijitabu cha ushuhuda wa wazee hao, chembamba kwa kurasa, lakini hicho ndicho kilichowapa wafu wakili. Sifa yake, kwa maoni yangu, ni subira. Mzee aeleza kuhusu ziwa, na pepo, na kibuyu, na muulizaji hamkatizi kumwuliza kama kweli. Amwacha afike katika pamba, afike kwa akida, afike kwa mkewe aliyepigwa shambani, na mwisho msomaji aona kuwa ziwa na pamba vilikuwa habari moja katika kinywa cha aliyeviishi, na kwamba sisi ndio tuliovitenganisha, hii dini, hii siasa, kama mtu atenganishaye chumvi na bahari.

Sitaki idhaniwe kuwa huruma ya mtafiti ni kusifu. Kuna hukumu ya pili iliyokuja baada ya ile ya kicheko, nayo ilivaa kanzu ya sifa. Mwalimu Nyerere, aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa Desemba 1956 kuidai nchi, aliwataja watu wa Maji Maji, akaeleza kuwa hawakuinuka kwa hofu wala kwa kiapo cha kishirikina, ila kwa wito wa kiasili wa kuikataa dola ya mgeni. Na kwa mahali pale na siku ile alisema lililopasa, wala simlaumu. Lakini vitabu vya shule vilivyofuata viliishika njia hiyo mpaka mwisho wake, hata wale wazee wakawa watangulizi wa TANU tu, wenye uzalendo mwingi na maji kidogo, na maji yenyewe yakawekwa pembeni kama nguo chafu ya mgeni mheshimiwa. Mdachi aliwanyang'anya akili akawaachia maji. Sisi tukawarudishia akili, tukawanyang'anya maji. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya *Kinjeketile* ya mwaka 1969, ndiye aliyekaribia zaidi kuwaacha na vyote viwili: Kinjeketile wake ana shaka, aogopa neno alilolitoa mwenyewe jinsi lilivyokua likampita kimo, na bado mwishoni, atakiwapo akiri kuwa maji yalikuwa uongo, akataa, kwa kuwa ajua nani atayasikia maungamo hayo baada yake.

Wala huruma haichagui upande wa kaburi. Masista waliouawa pamoja na Askofu Spiss walikuwa na mama zao. Akida aliyechinjwa alikuwa na watoto, na kusini wako wengi waliokataa maji, ama kwa kumwogopa Mdachi, ama kwa dini yao, ama kwa kuwa adui yao wa jirani amekwisha kuyanywa, na wengi katika hao waliuawa kwa kukataa. Mtafiti awezaye kumsikiliza mpiganaji wa Mahenge peke yake amebadili kipenzi tu. Hata askari weusi wa Mdachi, waliochoma ghala za watu, walikuwa watu wa mshahara na wa hofu, na kuwaelewa ni kazi ngumu ambayo bado naikwepa, nakiri.

Majuzi, katika mwaka 2023, zilipotoka habari za msitu wa Shakahola, nyuma ya Malindi, ambamo maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa, za watu walioambiwa kuwa wakifunga kula watakutana na Yesu, nilisikia katika gari, hapa hapa Segera, abiria wakicheka kicheko kile cha uani kwetu. Waganda walikwisha kuonja hayo Kanungu, tarehe 17 Machi 2000, kanisa lilipoteketea na mamia ya waumini ndani yake. Najua mambo haya hayafanani na Maji Maji. Huko kusini aliyeua alikuwa dola, na walioshika maji walikuwa wakijitetea, ilhali Shakahola na Kanungu mauti yalitoka ndani ya nyumba ya ibada, na wenye kuyaongoza wapasa kujibu mbele ya sheria. Lakini mama aliyeuza shamba lake akampeleka mwanawe msituni, huyo naye ataka kuulizwa alikuwa akikimbia nini alipotoka kwake. Abiria hawakuuliza. Basi likaondoka.

Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023, akasimama penye kaburi la walionyongwa na kuomba msamaha, na akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano lililosadikiwa kupelekwa kwao. Nilimkumbuka Babu, aliyekuwa amekufa miaka mingi kabla, naye amezikwa katika makaburi ya kambi, chini ya mkorosho, mwendo wa siku kadhaa kutoka Ungoni.

Nilikuwa nimemrudia kabla hajafa, nikiwa kijana mwenye daftari, niliyesoma sasa na kujiona mtafiti, nikamwuliza swali nililolitayarisha kwa siku nyingi: “Babu, je, baba yako aliyaamini maji?” Akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya mchezo, akasema hajui, alikuwa mtoto, na mtoto hamwulizi babaye mambo ya moyoni. Nikaona nimerudia kosa lile lile kwa sauti ya upole. Tukakaa kimya mpaka mkewe, bibi aliyekuwa akipepeta mchele karibu nasi, akadakiza, akaniambia, “Muulize walikula nini.”

Nikamwuliza walikula nini. Na hapo mzee yule, ambaye miaka yote alikuwa mtu wa maneno mawili, akasema tangu adhuhuri hata magharibi: kwamba ghala ilichomwa na wao wakiwa wamejificha mtoni wakiuona moshi, kwamba mama yake aliwachimbia mizizi ya porini, ile yenye sumu, akaimenya, akaikata vipande vyembamba, akaitia kapuni na kulifunga kapu kwa kamba katika maji yapitayo, siku tatu, na mara nyingine nne kama mvua imeuchafua mto, mpaka ukali wake utoke, na kwamba ilipopikwa watoto walizuiwa wasiguse, kwanza akala bibi yao mzaa mama, peke yake, wao wakakaa kumzunguka wakimtazama usoni mpaka jua likapinda, ndipo nao wakapewa.